VIGARI HIVI SI UTOTO: TUKUSANYE NA HABARI ZA MITAMBO YENYEWE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Yapo mambo ambayo mtu akiyapenda watu humsifu, na yapo ambayo akiyapenda humcheka. Akikusanya stempu ataitwa msomi. Akikusanya sarafu kuukuu ataitwa mwanahistoria. Lakini hebu akusanye vigari vya kuchezea, hasa vile vya kazi za ujenzi, yaani rola, matingatinga, tipa na kreni, mara utasikia bweni zima limeangua kicheko: "Huyu naye ataacha kunyonya lini?" Mimi ni mmoja wa hao wanaochekwa. Ninavyo vigari 11 vya aina hiyo, na makala haya sikuyaandika kuomba radhi. Nimeyaandika kutoa hoja. Hoja yenyewe ni kwamba kukusanya vigari vya zamani vya ujenzi ni elimu, ila elimu hiyo hubaki nusu ikiwa mkusanyaji haujui mtambo ambao kigari chake kinauiga, wala hamjui mtu aliyeuendesha. Na hapa kwetu Kenya nusu hiyo ya pili inapotea huku tukiitazama.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane kuhusu vigari vyenyewe. Sizungumzii vile vya plastiki vinavyovunjika kabla ya jua kutua siku ya Krismasi. Nazungumzia vigari vya kalibu. Zinki huchanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo, mchanganyiko huo ukayeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 400, halafu ukasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Hupoa kwa muda mfupi sana, kalibu ikafunguliwa, na mwili wa gari ukatoka ukiwa na taa zake, milango yake na mistari ya boneti. Kisha hupakwa rangi na kutiwa magurudumu. Gharama kubwa iko katika kuchonga kalibu. Ikishachongwa, hutoa vigari maelfu kwa maelfu, na ndiyo maana kimoja kiliweza kuuzwa kwa bei ambayo mtoto wa mfanyakazi wa kawaida aliimudu.

Vingi vya zamani vilitoka Uingereza. Mjini Liverpool, kampuni ya Meccano iliyoanzishwa na Frank Hornby ilianza kutumia jina la Dinky Toys mwaka 1934. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mjini London ikazuka kampuni nyingine iliyoitwa Lesney. Iliundwa mwaka 1947 na marafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith. Ati mtu atadhani ni ndugu, kumbe sivyo. Jina tu limewagongana, na wakaunganisha Leslie na Rodney kupata Lesney. Walianza kwa kumimina vipuri vya viwandani katika jengo lililokuwa baa. Fundi mmoja hodari, Jack Odell, akajiunga nao, na mwaka 1948 wakatoa kigari chao cha kwanza. Je, unadhani kilikuwa gari gani? La mbio? La kifalme? La hasha! Kilikuwa rola ya barabarani, mfano wa rola za Aveling-Barford.

Miaka michache baadaye rola hiyo ilizaa jambo kubwa zaidi. Binti yake Odell alikuwa akisoma katika shule iliyokataza wanafunzi kuja na kitu cha kuchezea ambacho hakiwezi kuingia ndani ya kiberiti. Baba mtu akamtengenezea rola ndogo iliyoenea humo. Wenzake darasani wakaiona, nao wakataka. Hivyo ndivyo Matchbox, maana yake kiberiti, ilivyozaliwa mwaka 1953. Walimu wetu wapendwa, oneni jinsi sheria moja ya shule ilivyozaa kiwanda kizima! Na tazama orodha yao ya mwanzo: nambari 1 ilikuwa rola, nambari 2 dampa ya Muir-Hill, nambari 3 mashine ya kukorogea saruji, ile tunayoiita mikisa. Naamini hiyo haikuwa bahati nasibu. Uingereza ya wakati ule ilikuwa ikijenga upya miji iliyopigwa mabomu, na mtoto hutaka kushika mkononi kile anachokiona mtaani kila siku. Basi kigari hicho ni ushahidi wa kile nchi ilichokuwa ikifanya.

Mwenye jicho husoma kigari kama mtu asomavyo tarehe kwenye sarafu. Vigari vya kwanza vya Matchbox vina magurudumu ya chuma. Vilivyofuata vina ya plastiki ya kijivu, kisha plastiki nyeusi. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ikatoa Hot Wheels zilizokimbia kama umeme, na Lesney kwa kuogopa kuachwa nyuma ikaanza mwaka 1969 kuvitia vigari vyake magurudumu ya kasi, ikaviita Superfast. Hapo ndipo mimi na watengenezaji tunapokosana. Gari la mbio kutiwa magurudumu ya mbio ni sawa. Lakini tipa ya kubeba mawe! Mbona ifanane na mzee wa kanisa aliyevaa raba za kukimbilia? Tangu siku hiyo kigari kiliacha kuuiga mtambo, kikaanza kuviiga vigari vingine. Kwa maoni yangu, cha kabla ya hapo kina thamani kubwa kielimu hata kama rangi yake imebanduka.

Yapo pia maradhi ya vigari, nayo yana fundisho. Baadhi ya vigari vya Dinky vilivyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili hupasuka vyenyewe kabatini bila ya kuguswa na mtu. Chuma huvimba, hupata nyufa, mwishowe huwa kama biskuti kavu. Chanzo chake ni uchafu, hasa madini ya risasi, ulioingia kwenye zinki wakati wa kuyeyusha. Unyevu huyazidisha maradhi hayo, na dawa hakuna. Aliyechafua mchanganyiko alikwenda zake nyumbani akiwa na mshahara wake mfukoni, na kosa lake likajitokeza miaka mingi baadaye. Wale wanaokoroga saruji ya majengo yetu kwa mchanga mchafu wangejifunza kitu hapo.

Sasa tuje kwenye mitambo yenyewe, kwani kigari ni kivuli tu, na kivuli hakiwi bila mwenye kivuli.

Chukua mfano wa lori la Euclid. Mwaka 1955 Dinky walitoa Euclid ya rangi ya manjano, yenye maneno ya Kiingereza ubavuni yanayosema mawe, madini na udongo. Lori halisi lilitoka jimbo la Ohio, Marekani, na kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuunda malori ya namna hiyo katika miaka ya 1930. Halikukusudiwa kupita barabarani pamoja na magari mengine. Lilikusudiwa machimbo na mabwawa, mahali ambapo lori la kawaida lingevunjika springi siku ya kwanza. Mtu asiyejua hivyo atalitazama kabatini na kusema, "Lori la manjano." Anayejua atajiuliza bodi ile nene ilibeba mawe ya bwawa gani.

Au chukua Caterpillar. Matchbox walilitoa tingatinga lao dogo la kampuni hiyo katikati ya miaka ya 1950. Kampuni yenyewe iliundwa mwaka 1925 kwa kuungana kwa kampuni mbili za California, ile ya Holt na ile ya Best. Hapo kwanza mitambo yake ilikuwa ya kijivu. Mwaka 1931 ndipo ilipogeuzwa kuwa ya manjano ili ionekane kwa mbali barabarani. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kulijali jina hilo, kwa maana limetuingilia lugha: mtu husema "katapila" bila ya kujali ni mtambo wa kampuni gani. Ndivyo ilivyo kwa JCB. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1945 na Joseph Cyril Bamford mjini Uttoxeter, Uingereza. Kitu chake cha kwanza kilikuwa trela la kumwagia mizigo alilolitengeneza kwa vyuma vilivyobaki vitani, akaliuza kwa pauni 45. Leo mtu wa mjengo akiona mtambo wowote wenye beleshi mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, atakuambia, "Ile ni JCB," hata kama imetoka Uchina. Lakini neno letu tamu kuliko yote ni tingatinga. Litamke polepole, nawe utaisikia injini ikinguruma ndani yake.

Hata hivyo, vitabu na orodha za viwanda haviwezi kukufundisha yote. Mimi nilifundishwa na babu yangu mzaa mama. Aliingia kazi za barabara mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa mbeba karai, akapanda cheo hadi kuwa opareta wa rola, kisha wa greda. Sasa ukizungumza naye ni lazima upaze sauti, kwa sababu injini zilimla masikio. Likizo ya Agosti nilimpelekea kigari changu cha rola, kile nilichokipata sokoni kwenye mafungu ya mitumba. Nilidhani atacheka kama wenzangu. Hakucheka. Alikipindua kwanza akatazama chini, halafu akasema, "Hii haina tangi la maji."

Nikamwuliza maji ni ya nini.

"Lami moto hushika chuma, mjukuu wangu, kama ugali unavyoshika mwiko mkavu. Gurudumu lisipolowanishwa litaibeba barabara yote likazunguka nayo. Na hapa nyuma panatakiwa vikwangua vya kuondoa kile kilichoshika."

Akaendelea kunieleza mambo ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote cha wakusanyaji. Kwamba rola huanza kukanyaga ukingoni ikaja katikati, wala haianzi katikati, kwa sababu ukianza katikati lami itasukumwa nje, mgongo wa barabara utapotea na maji ya mvua yatakosa njia. Kwamba ni mwiko kusimamisha rola juu ya lami moto, kwa kuwa itazama kidogo na kuacha bonde ambalo kila gari litaligonga mpaka barabara ife. Kwamba lami haingoji: ikishamwagwa ni lazima ikandamizwe kabla haijapoa, hata kama saa ya chakula imefika. "Tulikula tukiwa juu ya mtambo," akasema. Rola yao waliiita Mama Mzito, kwa kuwa ikishapita hakuna kokoto lililobaki limeinua kichwa.

Tangu siku hiyo kigari kile si kile tena. Ni kile kile cha senti chache, rangi imebanduka, lakini nikikishika najua kinachokosekana ndani yake. Na hicho ndicho ninachotaka kuwaambia wenzangu wanaokusanya chochote kile: kiulizeni kitu kinakosa nini.

Swali hilo limenipeleka mahali pengine pazito zaidi. Dampa ndogo ya Muir-Hill na tingatinga la Caterpillar la Matchbox vyote vina dereva aliyeketi juu yake. Mtazame kwa karibu. Hana macho, hana mdomo, hana jina. Tena hayuko peke yake katika kutojulikana. Nimetaja kwamba Euclid ya Dinky ilitoka mwaka 1955. Mwaka huo huo, hapa Kenya, tulikuwa katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na huko Embakasi watu waliokuwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau walikuwa wakilazimishwa kujenga uwanja wa ndege ambao ulifunguliwa mwaka 1958. Mawe, madini na udongo ya kwetu yalibebwa kwa mikono na kwa karai. Mtoto wa Liverpool alikuwa akimwaga mchanga kwa lori la manjano zuliani, na mzee wa Kenya alikuwa akichimba mwamba chini ya mtutu wa bunduki. Vyote viwili ni kweli, na vyote ni vya mwaka mmoja. Kabati linaloonyesha kimoja tu limeficha kingine.

Wapo watakaosema, "Basi vitupilie mbali vigari hivyo vya mkoloni!" Sikubaliani nao. Ukikitupa kigari hutamrudishia mtu yeyote jasho lake, ila utakuwa umepoteza kitu ambacho kingemfanya mwanafunzi aulize. Heri kiwekwe, na pembeni yake liwekwe karai na jembe, na maelezo mafupi. Wageni watasoma wenyewe.

Tena pembeni ya hayo liwekwe gari la waya. Nani kati yetu hakulitengeneza au hakumwona kaka yake akilitengeneza? Waya wa ua au wa henga, magurudumu ya patipati zilizochakaa, bodi ya mkebe wa Kimbo au Kasuku, usukani mrefu wa kusukumia ukiwa umesimama. Wakati barabara ya Nairobi hadi Thika ilipokuwa ikipanuliwa, kati ya mwaka 2009 na 2012, watoto wa vijiji vya kando ya njia walikuwa na mifano hai ya kuiga mbele ya milango yao. Hali ilikuwa hiyo hiyo wakati reli mpya ya kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 2017, na wakati barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilomita 27, ilipofunguliwa mwaka 2022. Gari la waya ni mfano wa mtambo halisi kama vile Dinky ilivyo. Tofauti ni kwamba halina kalibu, kwa hiyo kila moja ni la pekee, na lisipohifadhiwa halina pacha wake popote duniani. Ajabu ni kwamba tunalitupa jaani, halafu tunavutiwa na lile lililomiminwa kwa maelfu.

Najua hoja nyingine zinazoletwa dhidi ya uraibu huu, nami nizijibu moja baada ya nyingine.

Kwanza, kwamba ni mchezo wa matajiri. Ni kweli wapo ng'ambo wanaolipa pesa nyingi kwa kigari ambacho hakijawahi kuchezewa, tena kiwe ndani ya boksi lake la kwanza. Hao wana haki ya kutumia chao. Lakini mimi sioni fahari ya kigari ambacho hakijaguswa na mtoto. Kilichokwaruzwa kimefanya kazi kiliyoumbiwa. Mwanafunzi asimwombe mzazi karo mara mbili ili anunue boksi. Atafute sokoni, awaulize shangazi na wajomba, abadilishane na wenzake. Vyangu vyote 11 havijafikia bei ya kiatu kimoja cha shule.

Pili, kwamba ni hatari. Hii nakubaliana nayo kwa kiasi. Rangi za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto mdogo. Hata mwaka 2007 kampuni ya Mattel ililazimika kuvirudisha vitu vingi vya kuchezea kutoka madukani kwa sababu ya rangi ya namna hiyo. Kwa hiyo kigari cha zamani asipewe mtoto anayetia kila kitu kinywani, na mkubwa akishavishika anawe mikono. Ni kitu cha kabatini na cha darasani sasa.

Tatu, kwamba viwanda vyenyewe vimekufa, tunafuata maiti. Kiwanda cha Dinky cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979, Lesney ikafilisika mwaka 1982, na Mettoy iliyotengeneza Corgi ikaanguka mwaka 1983. Jina la Matchbox lilihamia mikononi mwa wengine, na tangu mwaka 1997 ni la Mattel, wale wale waliowashinda kwa magurudumu. Lakini hiyo mimi naiona kuwa sababu ya kuhifadhi. Kitu kinachotengenezwa mpaka leo hakihitaji mlinzi.

Sasa nifike pale panaponiuma. Rola ya aina aliyoiendesha babu bado ipo, katika yadi moja ya zamani si mbali na kwao. Miiba imeota kati ya magurudumu yake. Mwaka juzi nilipoiona ilikuwa na paa. Mwaka jana paa halikuwapo. Mwaka huu usukani pia umekwenda. Kila mtu anajua vinakokwenda: kwenye mizani ya chuma chakavu. Siwalaumu vijana wanaookota vyuma, kwa maana wanatafuta riziki, na chuma hicho huyeyushwa kikawa nondo za kujengea nyumba. Mwaka 2022 serikali iliwahi kuipiga marufuku biashara hiyo kwa muda baada ya nyaya na minara ya umeme kuharibiwa, yaani ilionekana kwamba kitu cha umma kikikosa mlinzi kitaishia mizanini. Lakini kwa minara ya umeme nchi nzima ilipiga kelele, kwani taa zilizimika. Rola ikikatwakatwa hakuna taa inayozimika. Itakwenda kimya kimya, kwa kilo, na mizani haiulizi ni barabara ngapi ilizozitengeneza.

Je, tumeshindwa kabisa kuhifadhi mashine? Hapana. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yamekuwapo tangu mwaka 1971, na garimoshi kubwa la mvuke lililopewa jina la Mlima Gelai linakaa pale, mtoto akaweza kusimama mbele ya magurudumu yake akajiona mdogo. Huko Bowling Green, Ohio, wapenzi wa mitambo ya ujenzi wana makumbusho yao, na baadhi ya mitambo hiyo huwashwa ikafanya kazi mbele ya watazamaji. Ikiwa treni ilistahili, rola je? Reli ilitufikisha stesheni. Kutoka stesheni hadi sokoni, hospitalini na shuleni, tulifikishwa na barabara ya moramu iliyosawazishwa na greda.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na ninaomba chama chetu kiyajadili.

La kwanza, kila mwanachama aende likizo na daftari. Kila kijiji kina mzee aliyewahi kuendesha rola, greda, tingatinga au tipa, au aliyekuwa utingo, au mama aliyeponda kokoto kando ya barabara. Aulizwe maswali, na majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Wenye simu nyumbani wairekodi sauti.

La pili, tukusanye msamiati wa kazi hizo: moramu, kifusi, karai, kikwangua, lami, mgongo wa barabara, na mengine ambayo hao wazee wanayo na kamusi zetu huenda hazina. Hiyo ni kazi ya chama cha Kiswahili hasa. Tukiingoja, maneno yatazikwa na wenyewe.

La tatu, tupewe rafu moja tu katika maktaba. Juu yake viwekwe vigari vya kalibu, magari ya waya na karai, kila kimoja na kadi yake. Vyangu 11 nitavitoa bila masharti, isipokuwa sharti moja: kila kigari kiwe na jina la mtambo wake, na pale inapowezekana, jina la mtu wa hapa kwetu aliyeendesha mtambo kama huo.

La nne, tuwaandikie barua viongozi wa kaunti tukiomba rola moja kuukuu iondolewe kwenye miiba, ipakwe rangi, na isimamishwe mahali pa wazi. Ubao wake uandikwe majina ya maopareta wanaokumbukwa. Gharama yake si kubwa: ni rangi, saruji kidogo ya kuisimamishia na siku moja ya kreni.

Najua wapo watakaosoma makala haya wakasema yote haya ni kwa sababu ya kigari kidogo cha kuingia kiberitini. Ndiyo, ni kwa sababu yake. Kisingekuwapo nisingempelekea babu chochote, naye asingenieleza habari za tangi la maji, na mimi ningekuwa nikipita juu ya barabara kila siku nikidhani iliota yenyewe kama nyasi. Wazee hawa hawatungoji. Babu ametimiza miaka 78, na wenzake watatu aliokuwa nao kwenye Mama Mzito wameshatutoka bila ya mtu kuwauliza neno.

Likizo ya Aprili inakaribia. Daftari la kurasa 48 linatosha kuanzia. Mwenye kigari akichukue, asiye nacho aende hivyo hivyo, na tukirudi muhula wa pili tukutane pale maktabani tuone tumepata nini. Wanaotaka kucheka wanakaribishwa pia, ila nao waje na daftari.